Vyuma Saba kwenye Theluji ya Ruwenzori

Nilikwenda kwenye theluji kwa sababu ya barua ya mwalimu. Binti yangu Feza alikuwa anamaliza masomo ya jiografia kule Lubumbashi, na kazi yake ya mwisho, ile wanayoiita memwari, ilihusu barafu ya mlima Ruwenzori. Mwaka uliotangulia alipanda na mwalimu wake pamoja na wanafunzi wengine, wakachomeka vyuma saba kwenye barafu ya juu, kila kimoja na alama zake, ili mtu akirudi aone barafu imepanda au imeshuka kiasi gani. Wa kurudi alikuwa Feza. Sasa mwalimu akaandika kwamba goti limemshinda, hatapanda tena, na chuo hakitamruhusu msichana kwenda kule peke yake na wapagazi. Aende na mzazi, au abadilishe somo na kurudia mwaka mzima.

Mama Feza aliisoma barua, akaikunja, akasema basi arudie. Watu wa ziwani hatukuumbiwa baridi. Mimi nikamtazama mtoto, nikasikia uchungu. Nikasema nitakwenda. Kusema kweli sikujua ninachokisema. Barafu niliyoijua mimi ni ile ya kuhifadhia samaki.

Kazi yangu ilikuwa reli. Niliongoza kikosi cha watu wanaotunza njia kutoka Kalemie kuelekea Nyunzu, mahali ambapo reli inafuatana na mto Lukuga na udongo haukai mahali pake. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mimi ndiye niliyetembea mbele ya treni na mtaimbo wangu. Ninapiga tuta, nasikiliza. Likilia kavu na gumu, njia ni nzima. Likilia kama ngoma iliyolowa, nafunga njia, dereva apige honi mpaka achoke. Nilikuwa na sheria yangu nyingine: baada ya mvua hatupiti asubuhi, tunangoja jua liume udongo. Kwa sheria hizo mbili sikuwahi kupoteza treni, na nilikuwa na kiburi nazo. Naeleza haya mapema kwa sababu ndizo zilizotaka kutuua.

Wakati huo nchi ilikuwa Zaire bado. Nilivaa abakosti yangu, ile suti isiyo na tai ya wakati ule, nikaenda ofisini kuomba likizo. Mkubwa wangu akaniita sitwayeni, yaani raia, kama tulivyoitana wote, akauliza, unakwenda kufanya nini? Nikamjibu nakwenda kukagua theluji. Alicheka mpaka akasahau kunikatalia.

Tuliondoka Kalemie kwa meli ya kwenda Kalundu. Mama Feza alitufungia unga, ndagala wakavu, dagaa wa ziwa letu, mfuko mzima, na sweta mbili alizofuma kwa hasira, mikono mirefu kupita mikono yetu. Feza alikuwa na sanduku la chuo: kamba, koleo fupi, miwani ya giza, na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu. Mimi nilichukua mtaimbo wangu. Aliutazama, akanitazama, akaufunga pamoja na koleo.

Melini, siku ya pili asubuhi, nilimwomba anieleze hicho wanachokiogopa watu juu kule. Akachukua sahani ya bati, akamwaga maharagwe, akayafunika kwa unga, akaushindilia kwa kiganja mpaka ukawa bapa safi. Kisha akaanza kuinua sahani upande mmoja, polepole. Unga haukumwagika kidogo kidogo. Ulikaa, ukakaa, halafu wote ukaondoka kwa pamoja, ukaangukia mapajani mwangu. Akaniambia theluji haianguki kwa sababu ni nyingi, inaanguka kwa sababu ya kile kilicholala katikati. Abiria waliokuwa karibu walitusikitikia kwa kupoteza unga.

Kutoka Kalundu tulipanda lori hadi Bukavu, kisha meli nyingine juu ya ziwa Kivu hadi Goma, kisha malori mengine ambayo siwezi kuyasimulia bila kukasirika. Tulikwama mara tatu. Kila tulipokwama nilishuka kutoa amri, na Feza aliniacha nitoe, kwa kuwa matope ninayajua. Tulifika Beni tukiwa na rangi moja na barabara.

Huko Mutwanga, chini kabisa ya mlima, tulimpata Papa Kambale. Alikuwa kiongozi wa njia, mtu mfupi wa kupita miaka hamsini, mwenye miguu ambayo ungedhani ni ya mtu mwingine mkubwa zaidi. Alimkumbuka Feza tangu mwaka uliopita na akamsalimia kwanza yeye, mimi baadaye, jambo ambalo nililiweka moyoni. Alitafuta wapagazi sita. Tukakubaliana: wapagazi watafika kibanda cha Kiondo na kungojea hapo, na sisi watatu tutaendelea hadi kibanda cha mwisho, kando ya barafu, na chakula cha siku tatu tu. Zaidi ya hapo mabega yetu hayawezi kubeba.

Siku ya kwanza ya kupanda ilikuwa migomba, mashamba, kisha msitu, tukalala Kalonge. Siku ya pili sikuona njia, niliona mizizi. Miti ilivaa kuvu refu la kijani mpaka hujui mti wenyewe uko wapi ndani yake, na mvua haikunyesha ila ilikuwepo tu. Kule Mahangu kichwa kilianza kunigonga. Papa Kambale akanipa sheria ya mlima wao: asiyeweza kuongea anapotembea anatembea haraka mno. Mimi nilikuwa nimenyamaza tangu saa mbili asubuhi. Akanilazimisha nimhesabie steshoni zote kutoka Kalemie hadi Kabalo, moja moja, kwa sauti, na kila pumzi iliponikatika tukasimama. Nilifika Kiondo nikiwa nimesafiri na treni yangu mlimani.

Asubuhi, pale Kiondo, Feza aliniita nje. Ukungu ulikuwa umefunguka. Mbele yetu ilisimama nyeupe ambayo macho yangu hayakuwa na mahali pa kuiweka. Nyuma ya kibanda kulikuwa na kipande kidogo cha theluji kivulini. Nilikiokota, kikaniuma vidole, nikakitia mdomoni kama mtoto. Nilifurahi bila haya yoyote. Wenyeji wanaiita nzururu, na Papa Kambale alivua kofia mbele yake kabla hajanywa chai.

Mchana wa siku hiyo tulifika kibanda cha mwisho, mbao chache kwenye mawe, barafu iko karibu kama jirani. Kati yetu na uwanda wa juu ambako vyuma vilikuwa, palibaki mteremko mmoja tu mweupe, mpana kama uwanja wa mpira uliosimamishwa upande wake. Hakuna njia nyingine isipokuwa ukingo mwembamba wa mawe kushoto kwake, na huo nao mwishoni unakuachia kwenye mteremko uleule.

Siku nzima iliyofuata ilipotea. Kulikuwa na radi, mawe ya mvua madogo madogo kama mtama, kisha upepo na theluji. Tulikaa ndani, tukala bukari, ugali wetu, na ndagala, na chakula kikabaki cha siku mbili. Feza aliandika kila saa kinachoanguka nje na upepo unatoka wapi. Nilimwona mtoto anajisumbua.

Kesho yake kulipambazuka safi. Saa kumi na moja Feza alikuwa amefunga viatu tayari. Nikamwambia asubiri. Kulinyesha, mwanangu, acha jua liume kwanza, pakauke, ndipo tupite. Alinieleza kwamba hapa mambo ni kinyume, alfajiri baridi inashika theluji, jua linailegeza. Nikasema nimetembea mbele ya treni kabla hajazaliwa. Basi akainamisha kichwa, akafungua viatu. Mpaka leo nikikumbuka vidole vyake vikifungua zile kamba, nasikia aibu.

Saa tatu kasoro tulifika chini ya mteremko. Ulikuwa unang'aa, laini, bila alama hata ya ndege. Nikapiga mtaimbo. Ukalia kavu, mgumu, mzuri. Nikapiga hatua tano pembeni, vilevile. Nikawageukia nikasema njia ni nzima.

Feza akashusha mzigo wake. Alitafuta pembeni mahali penye mteremko mdogo ulioelekea upande uleule, usio na kitu kizito juu yake, akaanza kuchimba kwa koleo. Alichimba shimo la kufika kiunoni, akalainisha ukuta wake kama fundi wa lipu, akavua glovu. Akasukuma ukuta kwa ngumi kuanzia juu kushuka, ngumi ikakataa kuingia. Akajaribu vidole vinne, vikakataa. Kidole kimoja kikaingia kwa shida. Kumbe ule ugumu ulikuwa kipande cha theluji iliyoshindiliwa na upepo, unene wa shubiri na nusu. Kisha mkono wake ukateremka chini ya hapo na ngumi nzima ikazama bila kupiga hodi. Akatoa kiganja, akanionyesha. Chembe nyeupe za duara, kavu, zinaviringika: yale mawe ya mvua ya jana. Chini yake barafu ya zamani, ngumu kama kioo.

Akakata nguzo ya theluji upana wa koleo, akalitia koleo nyuma yake, akavuta kidogo tu. Kipande cha juu kikatoka kizima kama droo ya meza. Akakitazama kwa muda.

"Papa, hapa hatupite," akasema.

Nilimwambia mtaimbo umelia vizuri.

"Mutaimbo unasikia ile ya juu. Ile ya chini haiusikie."

Hapo nilianza kuongea sana. Nilimkumbusha chakula. Nilimkumbusha goti la mwalimu, mwaka wa kurudia, mama yake, malori. Nilimwambia akirudi bila namba hakuna atakayemuuliza habari za mawe ya mvua. Maneno yangu mwenyewe yakanipandisha moto, nikasema nitapita mimi kwanza, nikinusurika watanifuata, na nikauelekea mteremko. Feza akaruka akasimama mbele yangu. Hajawahi kunizuia njia tangu azaliwe. Miwani yake ilikuwa imejaa ukungu wa machozi, lakini sauti ilikuwa yake.

"Huko Lukuga wewe njo shefu, na mashini yote ya reli inasimama. Hapa mi njo shefu, Papa. Nimefunga njia."

Nikamgeukia Papa Kambale, mzee mwenzangu, nikitegemea anitetee. Yeye alikuwa ameshika zile chembe kiganjani, anaziviringisha kwa kidole gumba.

"Miye najua njia ya miguu, Papa Feza," akasema. "Kusoma nzururu njo kazi ya huyu. Siye tunarudia."

Tulirudi. Nilitembea wa mwisho, nimevimba kwa hasira. Nilikuwa nimeshapanga hotuba nitakayompa jioni juu ya heshima.

Saa saba mchana tulikuwa tumekaa kwenye mawe nje ya kibanda, jua kali, kila mmoja kwenye jiwe lake. Mstari ulitokea juu ya mteremko, mwembamba, kama mtu amechora kwa wembe. Halafu uwanja wote ukaondoka. Haukuporomoka vipande vipande, uliondoka kwa pamoja kama ule unga kwenye sahani, na vumbi lake jeupe likaja mpaka kwenye magoti yetu. Sauti yake niliisikia tumboni. Kulipotulia, mahali niliposimama na mtaimbo asubuhi palikuwa na rundo la kufunika behewa, na shimo la Feza pembeni, chini ya vumbi lile, halikuonekana tena.

Nilimshika mkono mwanangu. Nilimwambia: nilikosea, na ningekuua. Nilisema wazi, mbele ya Papa Kambale, kwa kuwa nilikuwa nimemgombeza mbele yake. Feza alilia kidogo, kisha akaomba penseli, akaandika saa.

Ilibaki siku moja ya chakula. Kesho yake alfajiri, saa kumi, nilikuwa wa kwanza kufunga viatu. Kwa mwanga wa mwezi theluji ilikuwa inalia chini ya meno ya chuma, kwishi kwishi, imeshikwa na baridi. Feza alichimba mashimo mawili tena, mahali pawili, bila haraka, na mimi nilimshikia taa. Maporomoko yalikuwa yamefagia zile chembe zote katikati na kuacha sakafu ngumu. Upande wa kulia palibaki kipande kilichoning'inia, akatukataza hata kukisogelea. Tukapanda kwa ukingo wa mawe, kisha tukavuka sakafu ile kwa kamba, mmoja mmoja, wengine wakitazama. Aliniita nivuke, nikavuka. Aliniambia nisisimame katikati, sikusimama.

Jua lilitukuta uwandani. Sitaweza kuueleza vizuri. Upande mmoja mawingu yamelala juu ya nchi yetu mpaka mwisho wa macho, upande mwingine Uganda, na sisi kati kwenye weupe uliokuwa unageuka waridi. Papa Kambale alivua kofia. Mimi nilipiga kelele, jina la Kalemie, mara tatu, mtu mzima wa umri wangu, na nina hakika hakuna aliyewahi kulipigia kelele pale kabla yangu.

Feza hakuwa na nafasi ya kelele. Alikuwa ametuwekea mpaka: saa nne kamili tunageuka, iwe namba zimekamilika au hazijakamilika, kwa sababu ya jua kwenye mteremko. Alikwenda kutoka chuma hadi chuma na dira yake, anasoma alama, anatamka, mimi naandika. Cha kwanza, cha pili, cha tatu. Karibu vyote vilikuwa vimejitokeza virefu kuliko walivyoviacha, maana yake barafu ilikuwa imeshuka. Sita tulivipata saa tatu haijafika. Cha saba hakikuwepo.

Kwenye karatasi zake chuma cha saba ndicho kilichokuwa cha maana kuliko vyote, kule juu ambako theluji mpya inailisha barafu. Upepo ulikuwa umekifukia. Alipima kwa kamba kutoka cha sita, akashika dira, akachora mraba kwenye theluji kwa kisigino, akasema kiko humu ndani kama hakikulala. Kisha akaniangalia mimi na mtaimbo wangu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Kazi hiyo naijua. Kwenye reli tunatafuta hivyo shimo lililojificha chini ya kokoto: unachoma, unasogea nusu hatua, unachoma, hurudii na huruki. Nilichoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tano. Mikono iliniwaka. Feza alikuwa anatazama saa na kunisomea dakika bila kubadili sauti. Ilipobaki robo saa akaniambia nianze kujitayarisha moyoni kurudi. Nilikuwa nimekwisha kuapa kimoyomoyo kwamba akisema tugeuke nitageuka. Katika mstari wa tisa mtaimbo ukasema ting.

Nilipiga magoti, nikachimba kwa mikono. Papa Kambale akachimba upande wa pili. Kichwa cha chuma kikatokea, na rangi yake nyekundu, na namba saba. Feza akasoma, akasoma tena kuhakikisha, akatamka, nikaandika, na namba ile iko katika hati yangu mbaya mpaka leo. Saa nne kasoro dakika tano tuligeuka. Tulishuka mteremko ule mmoja mmoja kama tulivyopanda, na tulipofika mawe ya kibanda nilimbeba binti yangu mgongoni, mwanamke wa miaka ishirini na minne, nikazunguka naye kibanda chote. Kule Kiondo wapagazi walisikia habari kabla hatujafika, kwa sababu Papa Kambale aliimba njia nzima.

Njia ya kurudi sina mengi ya kusema juu yake. Matope yalikuwa yaleyale na sisi tulikuwa tunacheka. Nilipofika Kalemie nilisimulia kila mahali, bandarini, kanisani, kwenye vibanda vya samaki. Nilisimulia namna mteremko ulivyoanguka na kuonyesha kwamba mtoto alikuwa na haki. Watu walipiga makofi kila nilipofika hapo.

Miezi michache baadaye nilikwenda Lubumbashi kumsikia akitetea memwari yake. Alisimama mbele ya walimu watatu, mezani vitabu vyake na daftari lililokuwa na mwandiko wangu. Walimuuliza mengi ambayo sikuyaelewa. Mwishoni mmoja wao, mzee mwenye sauti ya taratibu, akamwuliza juu ya siku ile tuliyorudi. Akasema: sitwayene, ulikuwa na bahati, mteremko ulianguka ukakupa haki. Tuseme haukuanguka. Tuseme ungekaa vile wiki nzima, na chakula kikaisha, ukarudi hapa bila chuma hata kimoja. Leo ungetuambia nini?

Nilijua jibu ambalo ningetoa mimi, na halikuwa zuri.

"Ningekuja na kipimo cha shimo lile, mwalimu," Feza akasema. "Ningewaambia nilirudi kwa sababu ya hiki, na mwakani nikikikuta ningegeuka tena kwa sababu ya hiki. Uamuzi wangu ulikuwa sahihi saa tatu asubuhi. Kuanguka kulikuja saa saba."

Walimpa distanksyo, alama ya juu. Nilipiga makofi kabla ya wakati, wakanitazama, nikaendelea kupiga.

Tangu siku hiyo nasimulia safari hii kwa namna nyingine. Nikifika kwenye lile shimo, na zile chembe kiganjani mwake, na mimi nimevimba nyuma yao tunarudi kibandani, nasimama hapo, siyakimbilii maporomoko. Nawaambia watu kwamba hapo ndipo binti yangu alipoushinda mlima, na kwamba mimi nilikuwepo na sikuona.